UFUNDI WETU: Mkono wa ekzosi ukipasuka

Mwezi huu tunazungumza juu ya bomba la moshi la gari, yaani ekzosi. Usigeuze ukurasa kwa sababu huna gari. Ukipanda gari la mwenzako kwenda hospitali, sokoni au msibani, ekzosi ya gari hilo inakuhusu wewe pia. Nitaeleza sababu yake kwa jambo nililoliona mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa masika. Nilipanda gari dogo la abiria pale Handeni mjini kwenda Korogwe. Safari hiyo ni ya kilomita 65 hivi, na siku hizi barabara ni ya lami. Gari lilikuwa la miaka mingi, lakini rangi yake iling'aa. Dereva alikuwa kijana mpole. Mbele alikaa mzee mmoja. Nyuma tulibanana watu wanne, na mama mmoja kati yetu alimpakata mtoto wa miezi michache.

Gari lilipowashwa lilitoa mlio: ta-ta-ta-ta. Mlio huo ulitoka mbele, chini ya boneti. Haukutoka nyuma, kwenye mwisho wa bomba. Mzee akauliza, "Kijana, mbona gari lako linakohoa?"

Dereva akajibu, "Ni ekzosi tu, mzee. Imepasuka kidogo. Ni kelele, haina madhara."

Tukaondoka. Mvua ikaanza kunyesha, tukafunga vioo vyote. Vioo vikapata ukungu, na dereva akawasha feni.

Baada ya nusu saa kichwa kilianza kuniuma. Nilidhani ni njaa. Jirani yangu akasema naye kichwa kinamgonga. Mama akasema mtoto wake amelegea na hataki kunyonya. Kisha mtoto akatapika. Hapo mzee aliyekaa mbele akapaza sauti: "Simamisha gari! Fungueni milango yote!"

Tulishuka, tukasimama mvuani. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa begani kwa mama yake. Tulikaa kimya. Baada ya muda mtoto akalia kwa nguvu. Nimesikia watoto wengi wakilia, lakini sijawahi kufurahia kilio kama siku ile. Tuliendelea na safari vioo vikiwa wazi, tukalowa chapachapa. Tulipofika Korogwe, mama na mtoto walipelekwa hospitali kwanza. Mtoto alipimwa, akaangaliwa, na jioni akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mzee yule kumbe alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya shamba moja la mkonge. Alituambia, "Niliwahi kumwona mwenzangu akianguka hivyo hivyo. Injini ilikuwa ikiwaka ndani ya banda lililofungwa. Tangu hapo moshi wa injini siuchezei."

Sumu isiyoonekana

Injini ikiunguza petroli au dizeli hutoa hewa nyingi za namna mbalimbali. Moja ya hewa hizo huitwa kaboni monoksaidi. Hewa hii ni sumu. Haina rangi na haina harufu. Ile harufu ya moshi wa gari tunayoijua ni ya vitu vingine vilivyomo ndani ya moshi. Kwa hiyo usiseme, "Sisikii harufu, basi niko salama."

Sumu hii huuaje? Damu yetu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikiingia mapafuni hukaa katika damu mahali pa oksijeni na hutoki upesi. Mtu huanza kuumwa kichwa. Kisha huona kizunguzungu na kichefuchefu. Kisha hulegea na kusinzia. Akiachwa hapo hapo anaweza kufa akiwa usingizini. Mtoto mchanga na mama mjamzito wamo hatarini zaidi.

Ni hewa ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Wengi wetu tunajua hatari ya jiko la mkaa. Hatari ya ekzosi iliyopasuka wengi hatuijui.

Huenda ukauliza, moshi uliotoka chini ya boneti uliingiaje walimokaa watu? Feni ya gari huvuta hewa kutoka karibu na kioo cha mbele, juu tu ya boneti. Mkono wa ekzosi ukivuja mle ndani, feni huvuta ule moshi na kuupuliza usoni mwa abiria. Moshi mwingine hupenya kwenye matundu ya sakafu. Magari ya zamani yana matundu mengi.

Ukiwa garini na watu wawili au watatu wakaanza kuumwa kichwa kwa pamoja, usingojee. Mwambie dereva asimame. Fungueni milango, tokeni nje kwenye hewa safi. Aliyelegea apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, na mganga aambiwe kwamba mgonjwa alivuta moshi wa gari.

Mkono wa ekzosi ni nini?

Baada ya kufika Korogwe nilimfuata dereva mpaka kwa fundi. Nilitaka kuona. Tulikwenda sehemu za Manundu, kwenye karakana ndogo iliyo chini ya mwembe. Fundi alifungua boneti akatuonyesha.

Injini ya gari dogo kwa kawaida ina silinda nne. Kila silinda hutoa moshi wake kwa zamu. Moshi huo hupita katika mabomba manne mafupi, kisha mabomba hayo huungana kuwa bomba moja linalokwenda nyuma ya gari. Tazama kiganja chako. Vidole ni yale mabomba manne, na kifundo cha mkono ni lile bomba moja. Ndiyo maana tunauita mkono wa ekzosi. Mafundi wengine huuita manifoldi. Mkono huu umefungwa kwenye injini kwa bamba nene lenye matundu ya bolti.

Zamani mikono hii yote ilikuwa ya chuma cha kumimina, ambacho mafundi hukiita kasti. Ilikuwa minene na mizito. Siku hizi magari mengi madogo yana mkono wa mabomba membamba ya chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi. Chuma hiki ni ndugu wa sufuria na vijiko vinavyong'aa. Mwaka 1913 Mwingereza mmoja wa mji wa Sheffield, Harry Brearley, alitengeneza chuma kilichochanganywa na madini ya kromiamu, akaona hakishiki kutu upesi. Kromiamu hufanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma, na ngozi hiyo huzuia kutu. Ukiikwaruza hujifanya tena yenyewe.

Basi, kama stenlesi ni chuma bora, kwa nini hupasuka?

Nenda stesheni ya Korogwe ukatazame reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika pale mwaka 1902. Mahali pande mbili za reli zinapokutana huachwa nafasi ndogo. Jua likiwaka, chuma hupata joto na kutanuka, yaani huwa kirefu zaidi. Ile nafasi huipa reli mahali pa kwenda. Pasipo nafasi reli hupinda.

Sasa fikiri juu ya mkono wa ekzosi. Reli hupata joto la jua tu. Mkono wa ekzosi hupitisha moshi wa digrii 600 hadi 800. Maji huchemka kwa digrii 100, kwa hiyo unaona joto hilo lilivyo kali. Tena stenlesi ya namna hii hutanuka kuliko chuma cha kawaida, karibu mara moja na nusu. Bomba la nusu mita likipata joto la digrii 600 huongezeka urefu kwa milimita 5 hivi. Huo ni karibu unene wa punje ya mahindi. Gari likizimwa, bomba hurudi. Kesho hutanuka tena. Kila siku hufanya hivyo mara nyingi, nalo limebanwa kwa bolti upande mmoja. Chukua waya ukunje na kukunjua mara nyingi. Mwisho hukatika. Chuma huchoka kama waya huo.

Joto peke yake si sababu pekee. Chini ya mkono wa ekzosi kuna kishikizo cha chuma kinachobeba uzito wa bomba. Nyuma kuna raba zinazolining'iniza. Kishikizo kikikatika, uzito wote wa bomba huning'inia kwenye mkono. Gari likitoka kwenye lami na kuingia njia zetu za vijijini, kila shimo huutikisa mkono ule. Aghalabu ufa huanza pembeni mwa sehemu iliyochomelewa kiwandani, karibu na lile bamba la bolti.

Fundi alipolala chini ya gari alitoka na kipande cha waya wa kufungia uzio. Kishikizo kilikatika zamani, na mtu fulani alikifunga kwa waya! Fundi akamwambia dereva, "Ndugu yangu, hata nikichomelea kwa dhahabu, kama sitengenezi kishikizo hiki utarudi hapa baada ya mwezi."

Kazi yenyewe

Injini iliachwa ikapoa kabisa. Kisha fundi aliiwasha kwa muda mfupi, pale nje penye upepo, akamwambia msaidizi wake azibe kwa kitambaa mdomo wa bomba la nyuma kwa sekunde chache. Moshi ulipokosa njia ulitoka kwenye ufa kwa mlio wa nyoka. Pia palikuwa na mstari mweusi wa masizi. Masizi ni shahidi mzuri. Mahali pa ufa huacha alama.

Kufungua bolti kulichukua muda mrefu kuliko kuchomelea. Bolti za ekzosi huungua na kung'ang'ania. Fundi asiye na subira huzikata, na bolti iliyokatikia ndani ya injini ni balaa jingine. Huyu alizipaka mafuta mepesi akaziacha mpaka kesho yake asubuhi. Dereva alinung'unika, maana siku moja bila gari ni siku moja bila fedha. Fundi hakumjibu. Alitoa kwanza kile kifaa kidogo cha umeme kinachopima moshi, ambacho mafundi hukiita sensa, akakiweka pembeni juu ya kitambaa safi.

Mkono ulipotoka tuliona vizuri. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole. Pembeni yake palikuwa na donge la chuma lenye kutu. Mtu aliwahi kuuchomelea ufa wa kwanza, na ufa wa pili ulitokea kando ya donge lile. Mahali ilipofanywa kazi hiyo sitapataja. Kosa lake lakini nitalieleza, kwa maana hufanywa mahali pengi. Alitumia kijiti cha kawaida cha kuchomelea, kile cha kuungia madirisha na mageti. Kijiti hicho kikichanganyika na stenlesi hutoa chuma kigumu kisichokunjika. Chuma hicho hushika kutu, na joto na baridi vikibadilishana hupasuka.

Unajuaje kwamba chuma ni stenlesi? Wengi hutumia sumaku. Sumaku haishiki aina ya stenlesi iliyo ya kawaida zaidi. Lakini kuna aina nyingine ya stenlesi, tena inatumiwa sana kwenye ekzosi, ambayo sumaku huishika. Kwa hiyo sumaku peke yake inaweza kukudanganya. Fundi aligusa pembeni kidogo kwa grainda, akatazama cheche. Chuma cha kawaida hutoa cheche nyingi zinazopasuka kama nyota. Cheche za stenlesi ni chache, fupi, na zimeelekea rangi nyekundu.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya usafi. Fundi aliuosha mkono wote kwa maji ya moto na sabuni, ndani na nje, akaukausha juani. Ndugu fundi unayesoma habari hii, usisafishe chuma kwa petroli kabla ya kuchomelea. Pia usitumie dawa ya kopo ya kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na mwanga wa kuchomelea ukizipata hugeuka kuwa gesi yenye sumu kali sana. Hata kiasi kidogo kinaweza kuhatarisha maisha ya mtu.

Brashi ya waya pia ina mambo yake. Brashi iliyosugulia chuma cha kawaida hubeba chembe za chuma hicho. Ukiisugulia stenlesi, chembe hubaki na baada ya siku chache huanza kutu. Fundi yule alikuwa na brashi moja ya stenlesi aliyoifunga ndani ya karatasi. Msaidizi wake alikuwa hana ruhusa ya kuigusa.

Kisha alisaga lile donge la zamani lote mpaka likaisha. Akatoboa tundu dogo la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa. Dereva alishangaa. "Nimekuletea kitu kimepasuka, nawe unakitoboa?" Fundi akacheka. Ufa una ncha kali, na nguvu zote hukusanyika kwenye ncha hiyo. Ndiyo maana nguo iliyochanika kidogo huendelea kuchanika. Tundu la mviringo huondoa ile ncha, na ufa hukosa njia ya kuendelea. Stenlesi ikitobolewa kwa keekee butu huzidi kuwa ngumu. Yafaa keekee kali, mwendo wa polepole na mkono wenye nguvu.

Mdomo wa ufa aliufungua kidogo kwa grainda, ufanane na mfereji mdogo. Hakwenda chini sana, kwa maana unene wa bomba ulikuwa kama milimita 2 tu. Pale ambapo bomba limekwisha na kuwa jembamba kama karatasi, usijaribu kulijaza. Kata sehemu mbovu, uweke kiraka cha stenlesi.

Kabla ya kuwasha mashine alifanya jambo moja ambalo mafundi wengi huliruka. Alilifunga lile bamba la bolti juu ya kipande kinene cha chuma kilichonyooka, akakaza bolti zote. Stenlesi hupinda sana ikipata joto. Bamba likipinda halitakaa sawa kwenye injini, na moshi utavuja hata kama ufa umezibwa vizuri.

Kijiti na moto

Vijiti vya stenlesi vina namba. Kwa stenlesi ya kawaida ya ekzosi hutumika 308L. Kama huna hakika ya aina ya chuma, au unaunga stenlesi na chuma cha kawaida, tumia 309L. Soma namba kwenye pakiti au kwenye kijiti chenyewe. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Vijiti hivi ni ghali kuliko vya kawaida, lakini duka likikubali kuuza kimoja kimoja, vitatu vinatosha kazi kama hii. Viwe vikavu. Kijiti kilichokaa kwenye unyevu hutoa chuma chenye vitundu.

Fundi alitumia kijiti chembamba cha milimita 2, na mashine aliiweka kwenye ampea 45. Mpini wa kijiti aliuunga kwenye alama ya kujumlisha, na waya wa ethi kwenye alama ya kutoa. Moto mkali hutoboa bomba mara moja. Alichomelea kipande cha sentimita moja na nusu, akasimama. Akangoja mpaka chuma kikawa cha kushikika kwa mkono. Akahamia upande mwingine wa ufa, akachomelea kipande kingine. Hakumwaga maji ili kipoe upesi. Kazi ya ufa wa urefu wa kidole ilichukua karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya saa hiyo ilikuwa ni kungoja.

Mafundi wa miji mikubwa wana mashine inayotumia gesi ya argoni. Kwa kazi hii mashine hiyo ni bora. Gesi hiyo hufukuza hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Lakini hata mwenye argoni anaweza kukosea. Huilinda sehemu ya nje na kusahau ndani ya bomba. Kule ndani chuma huungua na kuwa kama ukoko wa sukari iliyounguzwa, na ufa mpya huanzia hapo. Yafaa kuziba miisho ya bomba, kuacha kitundu kidogo, na kuingiza argoni ndani pia.

Rangi ya chuma baada ya kazi inasema mengi. Rangi ya majani makavu au dhahabu ni njema. Bluu si mbaya sana. Nyeusi au kijivu maana yake chuma kilipata joto kupita kiasi.

Kutazama mwanga

Watoto wa jirani walikuwa wamesimama wanatazama. Hili ni tatizo la karakana zetu nyingi, kwa kuwa ziko wazi barabarani. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Mtu hasikii kitu wakati ule. Usiku ndipo macho huanza kuwasha na kuuma kana kwamba yana mchanga. Watu wengine hutia maziwa au utomvu wa mimea machoni. Hiyo huweza kuleta ugonjwa mwingine. Nenda zahanati. Fundi aliwafukuza watoto wale, nasi akatuambia tugeuke nyuma. Yeye alivaa kinyago chenye kioo cheusi namba 10. Miwani ya jua haifai hata kidogo.

Stenlesi ina hatari yake nyingine. Ule ukoko unaofunika mahali palipochomelewa hujirusha wenyewe unapopoa, nao ni wa moto na mkali kama kigae. Humpata fundi aliyekwisha vua kinyago na kuinama kutazama kazi yake. Kwa hiyo vaa miwani safi ya kukinga macho mpaka mwisho.

Na moshi wake usiuvute. Kromiamu ileile inayozuia kutu hugeuka sumu ndani ya moshi wa kuchomelea. Mwaka 2017 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikata shauri kwamba moshi wa kuchomelea husababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi nje au mahali penye upepo, na usimame upande ambao upepo unatoka. Usiinamishe uso juu ya kazi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii moshi huo.

Kuirudisha kwenye gari

Fundi aliweka rula ya chuma juu ya bamba la bolti, akaliangalia kwenye mwanga. Palikuwa na uwazi mdogo upande mmoja. Alilipiga tupa mpaka likanyooka. Aliweka gasketi mpya, kwa maana ya zamani haifai kurudishwa. Alikaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa zamu. Kishikizo kilichokatika alikitengeneza kwa bamba la chuma, na raba mbili za nyuma akabadilisha. Ule waya wa uzio aliutundika kwenye tawi la mwembe. Alisema ni kumbukumbu.

Gari lilipowashwa lile ta-ta-ta halikusikika tena. Fundi alirudia kuziba bomba la nyuma kwa kitambaa. Palikuwa kimya.

Dereva aliuliza kama kazi ile itadumu. Fundi hakumdanganya. Alisema chuma hiki kimekwisha choka, na kwamba ufa ukitokea mara ya tatu asimletee tena, atafute mkono mwingine uliotumika lakini mzima. Mimi nilipenda jibu lile. Mafundi wengine huchomelea juu ya donge mpaka mkono unakuwa kama kiazi, na kila mara mteja hulipa.

Nilimwuliza alijifunzia wapi. Alisema alianza kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa mashine za kusindika mkonge, kisha akaenda kusoma ili apate cheti. Kijana anayetaka kazi hii asidhani lazima awe na ndugu fundi. Handeni kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Mkoani Tanga kuna VETA, na kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Nenda ukaulize mafunzo yaliyopo, muda wake na ada yake.

Fundi alimwagiza dereva arudi baada ya wiki mbili, kwa maana gasketi mpya hukaa na nati hulegea. Nilikutana na dereva huyo baadaye stendi ya Handeni. Alikuwa amerudi kama alivyoagizwa, na nati mbili zilikubali kuzunguka nusu mzunguko. Akanifungulia mlango wa nyuma nipande. Mvua ilikuwa ikinyesha, na kioo cha upande wake alikiacha wazi kidogo.